Umejuaje na Hujafika? Madini ya Dunia Nyingine na Mawe ya Nyanda za Juu Kusini

(Hotuba hii ilitolewa Mbeya mjini mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu, wazazi na wachimbaji wadogo. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wazazi, ndugu zangu wachimbaji mlioacha maduara yenu ya machimbo Chunya na Makongolosi, wadogo zangu wanafunzi: habari za mchana? Wanyakyusa, mugonile! Wahehe na Wabena mliopanda basi gizani kutoka Iringa na Njombe, kamwene! Wasafwa, wenye mji wao, asanteni kwa kutupokea. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo nacheza kwetu, kwa hiyo makofi yakiwa machache nitajua mna lenu jambo.

Mimi ni binti wa Tukuyu, na kazi yangu ni kuchunguza madini ya sayari nyingine. Mirihi (Mars), Mwezi, na asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka Jua. Nikirudi nyumbani, shangazi zangu huuliza nitaolewa lini. Majirani huuliza huko niliko wanalipa kiasi gani. Lakini kuna mzee mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye miaka yote ananiuliza swali moja tu. "Binti, unasema kule Mirihi kuna madini fulani. Umejuaje, na hujafika?"

Umejuaje, na hujafika? Jamani, swali hilo ndilo kazi yenyewe. Watu wanaandika makala za kurasa hamsini, wanarusha mitambo ya gharama za kutisha, kisha mkutanoni anasimama mtu kiti cha nyuma, mwenye shahada zake tatu, anauliza lile lile la mzee wa Tukuyu.

Jibu langu nalitanguliza ili hata mwenye kuwahi daladala aondoke nalo. Tumejua kwa sababu tunayajua mawe ya nyumbani. Hakuna aliyelitambua jiwe la Mirihi kabla hajalijua ndugu yake lililoko duniani. Na ndugu wa mawe hayo, wengi wao, wako kati ya Iringa na Tunduma. Mengine hata hatukuyafuata. Yalitufuata yenyewe.

Wangapi hapa mmefika kwenye Kimondo cha Mbozi? Nyosheni mikono. Haya. Na wangapi mmepita barabara ya Tunduma mara chungu nzima na hamjawahi kukata kona? Ahaa! Hao ndio wengi. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kukiona, na wewe unakipita ukienda kununua mahindi Mlowo.

Kimondo kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, ambako tangu 2016 ni mkoa wa Songwe. Wenyeji walikijua vizazi na vizazi kabla ya mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, kukitolea taarifa mwaka 1930. Urefu wake ni mita 3 na ushee, na uzito wake unakadiriwa kufika tani 16. Wakati ule sehemu yake ilikuwa imezama ardhini. Wakachimba handaki kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini, ndiyo maana leo unaweza kuinama ukakiona hadi tumboni. Pembeni utaona mahali palipokatwa. Kipande kidogo tu, kwa msumeno wa mkono, ni kazi ya saa nyingi.

Ndani kuna nini? Asilimia 90 hivi ni chuma. Asilimia 8 na ushee ni nikeli. Hiyo nikeli ndiyo inayokitoa hadharani. Chuma chetu cha Liganga, kule Ludewa, kimefungwa ndani ya mwamba, kimeshikana na oksijeni, na kina metali za titani na vanadi ndani yake. Chuma cha Kimondo kiko kitupu. Chuma kitupu hapa juu ya ardhi ni adimu mno, maana mvua na hewa hukila. Kile cha dunia yetu kilizama zamani za kale, kiko kilomita 2,900 hivi chini ya viatu vyenu, na hakuna atakayekifikia. Sasa wewe unataka kujua katikati ya sayari kukoje. Utafanyaje? Unatafuta kidunia kidogo kilichoyeyuka, chuma chake kikazama katikati, kisha kikagongwa na kuvunjika. Wataalamu wanaamini vimondo vingi vya chuma vimetoka katika vidunia vya namna hiyo. Kipande cha moyo wa dunia nyingine kimelala Mbozi, na kiingilio hakifiki bei ya kuku.

Ukichukua chuma cha namna hii ukakisugua hadi king'ae, ukakipaka asidi ya nitriki kidogo, inajitokeza michoro ya mistari iliyonyooka inayokatana kwa pembe. Inaitwa michoro ya Widmanstätten. Ni fuwele za madini mawili ya chuma na nikeli, kamasaiti na tainaiti, zilizokua wakati chuma kikipoa. Kikipoa kwa mwendo gani? Nyuzi chache, au mamia, au maelfu kadhaa, kwa kila miaka milioni moja. Ni kiwanda gani kitakachosubiri miaka milioni? Kwa hiyo michoro ile haighushiki.

Na Kimondo chetu ni mkaidi kidogo. Vimondo vya chuma vimepangwa katika makundi kwa kufuata kemia yake, na hiki kimekataa kuingia kundi lolote. Kimeandikwa miongoni mwa visivyo na kundi. Maana yake, huenda kidunia kilichokizaa hakijatuletea vipande vingine vingi.

Ndugu zangu wachimbaji, hapa nawaomba masikio. Napigiwa simu kila mara: "Dada, nina kimondo, kuna Mzungu yuko Dar anatoa mabilioni." Natumiwa picha. Mara nyingi ninachokiona ni magnetaiti, jiwe la chuma la kawaida, au ni mavi ya chuma kutoka tanuri za wahunzi wa zamani, ambayo milima hii imejaa. Sumaku kunasa peke yake haitoshi, maana magnetaiti nayo hunasa. Sugua kona uone ndani. Ukikuta matundu ya mapovu, karibu kila mara hilo ni mavi ya chuma. Geuza kigae cha bafuni, chora kwa nyuma, upande usio na rangi ya kung'aa. Likiacha mstari mweusi, fikiria magnetaiti. Likiacha mstari mwekundu wa damu ya mzee, hiyo ni hematiti, madini mengine ya chuma. Bado una mashaka? Peleka maabara wapime nikeli. Na yeyote atakayekuomba hela ya "kibali cha kupima" kabla hajaliona jiwe, huyo ndiye mwenye biashara.

Najua pia kuna mtu hapa anauliza moyoni: dhahabu je? Vimondo vya chuma kwa kawaida vina dhahabu kidogo, gramu moja hivi kwa tani, wakati mwingine pungufu. Nyie wa Chunya mnajua marudio, ule mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, yanayozidi hapo. Acheni kile Kimondo kikae.

Oktoba 2023 Marekani ilirusha chombo kwenda kwenye asteroidi inayoitwa Psyche, yenye upana wa zaidi ya kilomita 200, inayodhaniwa kuwa na chuma kingi. Kitafika 2029. Watu wametumia nusu ya ujana wao kukitengeneza, na bado wanasubiri. Swali wanalolipeleka huko ni lile lile ninalolisoma kila nikiinama chini ya Kimondo.

Sasa nije kwenye kile tusichoweza kukigusa.

Umeme umekatika Mwanjelwa, giza totoro. Mtu anaita jina lako kutoka nje. Humuoni. Lakini unasema, "Huyo mjomba, mfungulieni." Umemjuaje? Kwa sababu umeisikia sauti yake miaka yote akiwa mbele yako. Madini nayo yanajulikana hivyo, kwa mwanga. Mwanga wa jua ukiyapiga, kila madini humeza baadhi ya rangi na kurudisha nyingine, na rangi nyingi zinazotufaa ni zile ambazo jicho halizioni, za upande wa infraredi. Udongo wa mfinyanzi humeza karibu na mikroni (sehemu za elfu za milimita) 1.4 na 1.9, kisha tena kwenye 2.2 au 2.3, kwa sababu ya maji na haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana) iliyofungwa ndani yake. Kaboneti, jamii ya chokaa, ina mahali pake. Hematiti ina mahali pake. Chombo kinachozunguka Mirihi kinapokea mwanga uliorudi kutoka ardhini na kuandika ni rangi zipi zimepungua. Kisha mtu anakaa mezani na kulinganisha.

Analinganisha na nini? Hapo ndipo mimi ninapoingia. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kupima mawe ya duniani ili wenzangu wapate cha kulinganisha. Nachukua jiwe, nalisaga kwenye kinu cha agati, nachekecha nipate punje za ukubwa mmoja, naanika kwenye oveni unyevu utoke, nalaza unga kwenye kikombe cheusi, nawasha taa. Mstari unajichora. Halafu nachukua jiwe lile lile, punje ndogo zaidi, na mstari unabadilika! Mabonde yanapungua kina, mwanga unaongezeka. Kwa hiyo unasaga tena, unachekecha tena, unapima tena. Filamu hazioneshi sehemu hiyo. Zinaonesha roketi.

Safari moja nilibeba mawe ya Tukuyu na ya Daraja la Mungu, lile la mto Kiwira. Vibali vyote ninavyo. Uwanja wa ndege, ofisa akafungua sanduku. Mawe. Akatoa kanga niliyoyafungia, akakuta mawe mengine. Akaniangalia. "Dada, huko unakokwenda hakuna mawe?" Foleni nyuma yangu inaguna. Nikamwambia yapo, ila haya ni ya volkano, na Mirihi nayo ni ya volkano. Akaita mwenzake. Mwenzake akachukua moja, akaligeuza, akasema, "Haya si ndiyo tunajengea msingi kwetu Rungwe?" Ndiyo, kaka. Haya haya.

Gari la Curiosity lilitua Mirihi Agosti 2012. Lina maabara ndogo tumboni inaitwa CheMin, ambayo hupiga unga wa jiwe kwa eksirei. Eksirei zikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa pembe maalumu, zinaacha mapete kwenye kamera, na kila madini yana mapete yake. Oktoba mwaka ule ilikuwa mara ya kwanza kwa kipimo hicho kufanyika kwenye sayari nyingine. Dunia nzima inangoja. Majibu yakatoka: feldspari, pairoksini, olivini, madini ya kawaida ya mawe ya volkano. Wakasema udongo ule unafanana na wa volkano za Hawaii. Nikacheka peke yangu. Orodha hiyo ningeweza kuwaandikia kutoka shamba la chai la Rungwe!

Lakini jamani, Mirihi haikuishia kwenye basalti, lile jiwe jeusi la volkano. Kutoka angani chombo kingine kilikuwa kimeona hematiti kwenye uwanda wa Meridiani. Hematiti ya namna ile, ya punje kubwa kubwa, hapa duniani mara nyingi hutokea penye maji. Ndiyo sababu mwaka 2004 gari la Opportunity lilitua pale. Madini ndiyo yaliyochagua mahali pa kutua. Likakuta vijiwe vya duara vimetapakaa ardhini, vidogo, milimita chache, na vimejaa hematiti. Na kwenye mwamba likakuta jarosaiti, ambayo haizaliwi bila maji yenye asidi. Umejuaje kwamba Mirihi ilikuwa na maji? Hakuna aliyeona maji. Tumeona watoto wa maji.

Na pacha wake, Spirit? Huyo nampenda zaidi, kwa sababu alikuwa kilema. Gurudumu lake moja la mbele lilikufa 2006. Ikabidi aendeshwe kinyumenyume, akiburuta lile bovu. Mwaka 2007, pale gurudumu lilipochimba mfereji, ukatokea udongo mweupe. Kupima, ni silika, malighafi ya kioo, kwa zaidi ya asilimia 90. Silika ya namna hiyo hutengenezwa na chemchemi za moto au mvuke wa volkano. Nyie mliofika chemchemi za moto za Songwe mmeona jinsi maji yanavyopanda na madini yakaacha jiwe pembeni. Pale kwetu linaloachwa ni travatini, kaboneti ya kalsiamu, na kule Mirihi ilikuwa silika. Kazi ni ile ile, maji ya moto kubeba na kutua. Gurudumu zima lisingechimba.

Wanawake wa Kikisi kule Matema, ziwani Nyasa, wanaijua kazi ya maji kuliko maprofesa. Udongo wanaofinyangia vyungu ni mwamba uliokaa na maji muda mrefu hadi madini yake yakageuka. Mwaka 2013 Curiosity ilitoboa tope lililogeuka jiwe, mahali panapoitwa Yellowknife Bay, na karibu sehemu moja ya tano ya unga ule ilikuwa madini ya mfinyanzi. Ziwa la kale, maji yasiyo na chumvi nyingi, asidi kidogo au hamna. Kama mtu angekuwepo angeweza kuyanywa. Mwaka 2024 gari hilo hilo likapita juu ya jiwe, likalivunja kwa uzito wake, ndani mkawa na fuwele za njano. Kiberiti kitupu! Hakuna aliyekitarajia mahali pale, na bado watu wanabishana kimefikaje.

Zuhura nairuka, mniwie radhi. Pale juu ni joto la nyuzi 460 na mawingu hayafunguki. Tuiache.

Naja kwenye jambo lililonileta.

Tarehe 16 Desemba 1938, kimondo kilianguka Ivuna, kule Momba, upande wa ziwa Rukwa. Si kikubwa. Gramu 700 na kitu tu zilizookotwa, mtoto wa chekechea angezibeba. Cheusi, laini, kinapukutika. Weka Kimondo cha Mbozi pembeni yake utaona kama hakina maana. Ndugu zangu, hicho kidogo ndicho kikubwa.

Kwa nini? Ukiondoa gesi zinazoruka, kama haidrojeni na heli, kemia ya kile kijiwe inalingana na ya Jua lenyewe. Yaani ni mabaki ya malighafi iliyotengenezea sayari zote, ambayo haikuyeyushwa ikapoteza sura. Vimondo vya aina hiyo vilivyoonekana vikianguka ni vichache mno. Vidole vya mkono mmoja vinakaribia kutosha. Na kundi lao lote, duniani kote, linaandikwa kwa herufi mbili: C kwa sababu ya kaboni, na I kwa sababu ya Ivuna. Mwanafunzi wa Tokyo, wa Houston, wa Paris, akifungua somo la vimondo anakutana na Ivuna. Mwanafunzi wa Vwawa je? Nimeuliza shule kadhaa. Nimepata kimya. Hilo linanikera, na sitaki kulificha.

Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za vumbi kutoka asteroidi ya Ryugu. Gramu tano! Kijiko cha chai hakijai. Wakapima, wakapima tena. Mwaka 2022 wakatangaza: Ryugu inafanana na Ivuna. Fikirini hilo. Walisafiri mamilioni ya kilomita, miaka sita kwenda na kurudi, wakakuta ndugu yake wa karibu alishashuka Rukwa kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Mtauliza, sasa kwa nini wasingepima cha Ivuna wakaacha gharama? Swali zuri. Kwa sababu cha Ivuna kimevuta hewa yetu. Vimondo vya aina hii vikikaa makumbusho hunyonya unyevu, chumvi zake zinayeyuka, zinahama, zinaganda upya. Ukikuta chumvi ndani, hujui kama ilitoka nayo mbinguni au imezaliwa kabatini. Kwa hiyo ilibidi wakachukue ambacho hakijanusa hewa ya dunia.

Na ndivyo tulivyofika kwenye Bennu. Septemba 24, 2023, kifurushi kilidondoka kwa parachuti kwenye jangwa la Utah, kina gramu 121.6 kutoka asteroidi ya Bennu. Kikafunguliwa ndani ya naitrojeni, mikono kwenye glavu, hewa haiingii. Januari 2025 wakatangaza walichokuta: mfululizo wa chumvi zinazobaki maji ya chumvi yanapokauka. Kati yake kuna chumvi ya kawaida, ile ya mezani. Na kuna trona.

Mnajua trona? Mnaijua. Mmeila. Ni magadi!

Magadi yale yale, kaboneti ya sodiamu yenye maji ndani yake, mnayonunua sokoni Soweto yamefungwa kwenye karatasi. Bibi yangu alikuwa anavunja kijipande kwa kisu, anakionja kwa ncha ya ulimi, anatema, ndipo anatia kwenye kande. Akizidisha, maharage yanarojeka na kande linakuwa na ladha ya sabuni, na siku hiyo hakuna anayesema neno mezani. Nilipoisoma ile taarifa ya Bennu nilikuwa maabara, saa za usiku, na nilisema kwa sauti, "Bibi!" Mwenzangu, Mjerumani, akadhani nimeumia.

Haikuwa mara ya kwanza magadi kuonekana huko. Kwenye Ceres, kidunia chenye upana wa kilomita 940 hivi, kulikuwa na madoa meupe yanayong'aa ndani ya shimo la Occator, na watu wakabuni kila uzushi, wengine wakasema ni taa za mji. Mwaka 2016 chombo cha Dawn kikatoa jibu: kaboneti ya sodiamu, nyingi kuliko mahali popote palipojulikana nje ya dunia yetu. Maji ya chumvi yalipanda kutoka chini, yakakauka, yakaacha magadi.

Sasa ni nchi gani inayojua habari za kaboneti ya sodiamu kuliko hii yetu? Tuna ziwa Natron. Tuna Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana leo kutapika lava ya aina hiyo: nyeusi, nyepesi, ya nyuzi 500 na ushee tu, wakati lava ya kawaida inapita 1,000. Inapoa, inanyeshewa, inageuka nyeupe. Ndani yake kuna madini yanaitwa nyereraiti, kwa heshima ya Mwalimu. Hapa Mbeya tuna kilima cha Panda, kaboneti iliyotoka tumboni mwa dunia kama magma, yenye metali ya niobi. Kule Songwe kuna Ngualla na madini yake adimu. Mtu anayetaka kuelewa jinsi kaboneti inavyozaliwa kwenye mwamba angesoma wapi kama si hapa?

Mzazi mmoja aliniandikia kabla ya leo. "Mwalimu, yote mazuri, lakini mwanangu atakula nini?" Nakujibu mama, popote ulipo humu. Ajira za sayari ni chache, na sitamdanganya mtoto wako. Lakini anachojifunza ni kemia, fizikia, hesabu, jiolojia, na kuandika programu za kompyuta. Mashine ya eksirei inayotambua madini Mirihi ndiyo hiyo hiyo inayotumika maabara za migodi. Na teknolojia ya CheMin ilishatengenezewa mashine ya kubeba mkononi, mtu anaingia nayo porini kama sanduku la nguo. Anayeweza kusoma mapete ya Mirihi anaweza kukuambia grafaiti yako ina uchafu gani na titani ya Liganga imejificha kwenye madini yapi. Huyo hatalala njaa.

Na wewe mdogo wangu unayesema sina maabara: takwimu za vyombo vya Marekani vinavyozunguka sayari zimewekwa wazi, bure, yeyote anafungua. Picha za Mirihi zenye rangi zote za infraredi, ziko pale. Kinachotakiwa ni kompyuta moja ya shule, mwalimu mwenye moyo, na bando. Bando ndilo tatizo, najua. Mengi ya yaliyomo mle hayajawahi kuangaliwa na mtu kwa makini, kwa sababu picha ni nyingi kuliko watu. Sisemi hivyo kuwapa moyo. Ni hesabu tu.

Mwenyekiti ananionesha saa. Namalizia na kazi, kwa sababu sikuja kuongea peke yangu.

Kwenye ile meza ndefu nimepanga mawe sita bila majina. Kuna lupu (vioo vya kukuzia) tatu, sumaku, misumari, vigae viwili vilivyogeuzwa, na siki. Kuna linalotoka Panda, kuna la Songwe, kuna la Rungwe, kuna moja la Liganga, na mawili sitaji. Tazama kwa lupu, jiwe likiwa karibu kabisa na jicho. Likwaruze kwa msumari, dondoshea siki tone moja palepale penye unga, usikilize. Ukitaka kulilamba, lilambe, wanajiolojia tunalamba sana, udongo wa mfinyanzi utakunasa ulimi. Ila si lile lenye alama nyekundu. Kila kundi liandike majina sita kwenye karatasi, na pembeni ya kila jina mwandike mmejuaje. Karatasi yenye majina bila "tumejuaje" siipokei, hata kama yote ni sahihi.

Aanze kundi la karibu na mlango. Wachimbaji, nyie mtakuwa wa mwisho, maana mtawaibia watoto majibu. Na hiyo siki ni chupa moja tu, msiimalizie kwenye jiwe la kwanza.

Ndaga fijo.